Sura ya Nne: Kabla ya Mwizi Kuingia

Mwandishi anayejaribu hadithi yake ya kwanza ya upelelezi kwa watoto hupewa shauri moja kabla ya mengine yote: anza na tukio. Sanduku livunjwe ukurasa wa kwanza, mtu apotee ukurasa wa pili, na mtoto asikie kishindo cha usiku kabla hata hatujalijua jina lake. Shauri hilo limetokana na hofu ya kweli. Mtu mzima humaliza kurasa 50 za riwaya inayomchosha kwa sababu ameinunua, au kwa sababu mwandishi wake anasifiwa. Mtoto wa miaka tisa akichoka hukiweka kitabu chini, akaenda kucheza, na basi. Lakini hofu ya kweli yaweza kuandikiwa dawa isiyo yake. Ninachokishikilia katika sura hii ni kwamba mtoto hushikwa na swali lenye mwenyewe, swali linalomuuma mtu ambaye tayari amempenda, na kwamba mwendo wa kurasa za mwanzo ni jinsi kila ukurasa unavyomwongezea au kumgeuzia jambo kuhusu swali hilo. Kosa lenyewe, liwe wizi, kupotea kwa mtu au ulaghai, laweza kungoja. Katika vitabu bora vya aina hii hungoja zaidi kuliko tunavyokumbuka.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni Emil und die Detektive, riwaya ya Erich Kästner iliyotoka Ujerumani mwaka 1929. Emil Tischbein ni mtoto wa mjane anayejipatia riziki kwa kuosha na kutengeneza nywele za wateja nyumbani kwake, katika mji mdogo. Anatumwa kwa bibi yake Berlin, peke yake, kwa treni, akiwa na marki 140: 120 za bibi na 20 za matumizi yake. Anasinzia ndani ya behewa, na anapoamka fedha hazipo, wala bwana wa kofia ngumu aliyekuwa ameketi naye hayupo. Ni rahisi kukumbuka kwamba hadithi inaanzia hapo, kwa kuwa hapo ndipo msako unapoanza. Kumbe kitabu kina sura 18, na Emil anagundua kwamba ameibiwa katika sura ya tano. Tena kabla ya sura ya kwanza kuna utangulizi ambamo mwandishi anaeleza jinsi hadithi ilivyomjia, kisha picha kumi za watu na mahali pa hadithi, kila moja na maelezo yake. Kwa kipimo cha wanaotaka tukio mapema, Kästner amechelewa mno. Kwa msomaji hajachelewa hata kidogo, na tukitazama anachofanya katika zile sura nne tutaona kwa nini.

Kwanza anazitia fedha zile thamani. Marki 140 hazimwambii kitu msomaji wa leo asiyejua zilinunua nini, na hata mtoto wa Berlin wa wakati ule angeweza kuziona ni hela za watu. Kästner anatuonyesha mama akiwa na mikono ndani ya maji ya sabuni, anatuonyesha kwamba kuziweka fedha hizo kumemgharimu muda na kujinyima, na anatuonyesha mtoto anayelijua hilo na anayempenda mama yake bila kuona haya. Zinapoibwa, hakuna haja ya kuambiwa kwamba ni msiba. Kama zingeibwa ukurasa wa kwanza, mwandishi angelazimika kuusimamisha msako katikati ili atueleze mama ni nani na fedha zilitoka wapi, na hapo ndipo hadithi ingepoteza mwendo kwelikweli, kwa sababu ingesimama wakati ambapo msomaji anataka kukimbia.

Pili anapanda kidokezo, na hapa ndipo mahali pa kujifunza kuliko pengine popote. Emil, kwa kuogopa fedha zisipotee, anaingia chooni mwa treni na kuzibana noti ndani ya koti lake kwa pini. Ni tendo la sentensi chache. Karibu na mwisho, ndani ya benki, matundu ya pini hiyo ndiyo yanayothibitisha kwamba noti alizo nazo mwizi ni za Emil. Angalia jinsi pini ilivyoingia. Ililetwa na hofu ya mtoto mwaminifu aliyekabidhiwa kitu kikubwa kuliko kimo chake, na msomaji aliipokea hivyo, kama sehemu ya tabia ya Emil. Akili ikaihifadhi bila kuombwa. Kanuni inayotoka hapo ningeiweka mbele ya nyingine zote: kila kidokezo cha sura za mwanzo kiwe na kazi nyingine siku kinapoingia. Ufunguo uonekane kwa sababu kuna mlango unaofungwa jioni ile, wala si kwa sababu utahitajika sura ya tisa. Mwandishi anayetuambia kwamba juu ya meza palikuwa na saa ya zamani, kalamu nyekundu na bahasha, na hakuna mtu anayevigusa vitu hivyo, amempa mtoto orodha, na mtoto hasomi orodha. Mwanzo tunaoulalamikia kuwa mzito, mara nyingi uzito wake umetoka hapo. Vitu vimepangwa kwa faida ya mwisho wa kitabu, na leo havimfai yeyote.

Jambo la tatu ndilo gumu, na ndilo linalorukwa zaidi. Kila hadithi ya mtoto mpelelezi inadaiwa jibu moja: kwa nini mtoto afanye kazi hii, wakati wakubwa wapo? Mtoto aliyeibiwa ana mama, ana mwalimu, ana polisi. Kama hakuna kinachomzuia kuwaendea, hadithi imekwisha sura ya pili. Na kama mwandishi anaiendeleza hivyo hivyo, itabidi amfanye mtoto mpumbavu au awafanye wakubwa wote wapumbavu. Kästner analijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Emil na wenzake waliipaka sanamu ya mtawala wa zamani wa mji wao pua nyekundu na masharubu, na askari Jeschke akatokea. Mbele ya mtu mzima huo ni utundu tu. Kwa Emil ni jinai, na anaamini kwamba akimwendea polisi yeyote, atakayefungwa ni yeye. Kisa hicho kinasomeka kama kichekesho cha sura ya pili, kumbe bila hicho kitabu kizima hakiwezekani. E. L. Konigsburg wa Marekani alijenga ukuta wa aina nyingine katika From the Mixed-Up Files of Mrs. Basil E. Frankweiler, riwaya ya mwaka 1967 iliyopata Nishani ya Newbery mwaka uliofuata. Claudia Kincaid na mdogo wake Jamie wametoroka nyumbani, wamejificha ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Fumbo la kitabu, kama sanamu ya malaika iliyonunuliwa na jumba hilo kwa dola 225 ni kazi ya mikono ya Michelangelo au siyo, linaingia baada ya kutoroka kufaulu. Kufikia hapo watoto hawawezi kumwuliza mtu mzima yeyote, kwa kuwa kuuliza ni kujifichua. Kurasa za kutoroka, ambazo mhariri mwenye haraka angetaka zikatwe ili tuifikie sanamu, ndizo zilizoujenga ukuta huo.

Kwetu Afrika Mashariki ukuta huu umekwisha jengwa na malezi, na mwandishi wa Kiswahili ana bahati ya kuukuta umesimama. Mtoto aliyefundishwa kuwaamkia wakubwa kwa shikamoo hawezi kusimama barazani akasema kwamba baba fulani ni mwizi. Hata kama ameona kwa macho yake, kulisema ni kukosa adabu. Na akikosea, aibu haitakuwa yake peke yake, itakuwa ya mama yake aliyeshindwa kumlea. Hapo hakuna haja ya kuwafanya wakubwa wajinga, wala kuwasafirisha mbali kwa visingizio. Wapo, wana akili, wanampenda, na bado hawezi kuwaambia. Lakini ukuta huo hautajwi kwa sentensi moja ukaeleweka. Lazima msomaji amwone mtoto huyo akinyamazishwa mara moja, kwa jambo dogo, kabla jambo kubwa halijafika. Hiyo ni kazi ya sura za mwanzo.

Kuna sababu nyingine ya kungoja, nayo ni ya haki. Mwaka ule ule wa 1929 padri Mwingereza Ronald Knox, aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya za upelelezi, alitoa kanuni kumi za uandishi huo, na ya kwanza inataka mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi. Watu wazima hulichukua hilo kama sharti la mchezo. Watoto hulichukua kama suala la ukweli na uongo. Kwenye vitendawili vyao, anayetega hutoa kila kitu kwa pumzi moja, na asiyejua hutoa mji. Lakini jibu lisilolingana na fumbo hukataliwa kwa kelele, hata kama mtegaji ndiye mkubwa wao. Riwaya ya upelelezi hutoa vipande vyake kwa kuchelewesha, kwa hiyo ina deni kubwa zaidi la uaminifu. Na hapa ndipo penye nguvu ya hoja yangu. Mtu anayeonekana mara ya kwanza baada ya wizi huonekana akiwa mshukiwa, hata kama mwandishi anamsifu namna gani. Mtu tuliyemwona kabla ya wizi alikuwa muuza duka, alikuwa fundi baiskeli, alikuwa shangazi mcheshi. Kuna kipindi kimoja tu katika kitabu kizima ambapo mwandishi anaweza kumwonyesha mhalifu akiwa mtu wa kawaida mbele ya macho yasiyo na shaka, nacho ni kabla ya kosa. Anayelitupa kosa ukurasa wa kwanza amekiteketeza kipindi hicho, na hatakipata tena.

Kungoja huko, hata hivyo, kusiwe kukaa bure. Mtoto hawezi kulishwa maelezo ya kijiji, mto, milima na ukoo wa babu kwa sura mbili akiahidiwa kwamba wizi uko njiani. Anahitaji swali dogo la kutembea nalo mpaka swali kubwa lifike, na mwalimu wa jambo hilo ni Robert Louis Stevenson. Treasure Island, iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la vijana mwaka 1881 na 1882, kisha ikawa kitabu mwaka 1883, ni hadithi ya hazina na maharamia, lakini mwanzo wake ni shule ya mwandishi yeyote wa mafumbo. Ramani ya hazina haifunuliwi mpaka sura ya sita. Je, mtoto anasoma nini kwa sura tano? Anasoma habari za baharia mzee aliyefikia katika nyumba ya wageni ya wazazi wa Jim Hawkins, akamwahidi Jim peni nne za fedha kila mwanzo wa mwezi kwa kazi moja tu: amwangalizie baharia mwenye mguu mmoja, na akimwona ampe habari mara hiyo. Ujanja wote umo katika mkataba ule mdogo. Mtoto amepewa kazi. Amepewa ujira. Na ameambiwa kitu cha kuogopa ambacho hakijaonekana. Hazina haijatajwa, na tayari msomaji anachungulia barabarani pamoja na Jim. Swali dogo la namna hii lina sifa mbili: linamhusu mtoto mwenyewe, na jibu lake likipatikana hufungua swali lililo kubwa zaidi. Swali dogo lisilofungua kitu, kama kishindo cha usiku kinachogeuka kuwa paka, ni deni lililolipwa kwa hela bandia. Mtoto atasamehe mara moja.

Tuijaribu hoja hii kwenye ardhi yetu. Vikoba vingi, vile vikundi vya kuweka akiba, huweka fedha katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku hulala kwa mtu wa nne. Kwa mwandishi wa mafumbo hiyo ni zawadi kubwa. Tuseme siku ya kuvunja kikoba na kugawana akiba imefika, kufuli zote tatu ni nzima, sanduku linafunguliwa mbele ya akina mama wote, na ndani fedha hazitoshi hata nusu ya zinazotakiwa. Zuhura, mwenye miaka kumi na mmoja, ni mtoto wa mmoja wa washika funguo. Mwandishi mwenye pupa ataanza na kifuniko kikiinuliwa na akina mama wakipiga yowe. Lakini msomaji wake hajui kwa nini kufuli ni tatu, hajui nani anashika nini, hajui kwamba sanduku halilali kwa mwenye ufunguo. Kwa hiyo lile yowe halina maana kwake, na mwandishi atatumia sura mbili kulielezea, huku kila mama aliyesimama pale akiwa ameshakuwa mshukiwa kabla hatujamjua.

Sasa tuanze wiki kadhaa nyuma, Jumamosi jioni. Zuhura anatandika mkeka na kuleta bakuli la kuhesabia, kwa sababu ndiyo kazi yake na ndiyo inayompa ruhusa ya kukaa karibu. Kufuli zinafunguliwa moja baada ya nyingine, na tunajifunza utaratibu wote kwa kuuona ukifanyika, bila mtu kutufundisha. Anayechelewa hulipa faini, na wote wanajua kwamba Bi Mwajuma hajawahi kuchelewa tangu kikoba kianze. Leo amechelewa, naye ni mshika ufunguo. Anatoa faini yake bila neno, hakai mahali pake pa siku zote. Zuhura anauliza kwa sauti, "Bibi, leo umetoka wapi?" na mama yake anamkata kwa jicho. Katika kurasa tatu tumepata swali dogo, tumeuona ukuta wa adabu ukifanya kazi, tumezijua kufuli tatu, na tumewaona washukiwa wote wakiwa bado jirani wema. Sura ya pili yaweza kumpa Zuhura sanamu yake ya Emil: siku moja, mama akiwa amelala mchana, aliuchukua ufunguo ule, akauvaa shingoni kama mkufu, akaenda nao dukani kujionyesha kwa wenzake. Hakuna baya lililotokea. Lakini sanduku litakapokutwa lina upungufu mwishoni mwa sura ya tatu na macho yakamgeukia mama yake, Zuhura atakuwa na sababu ya kulala macho, na sababu ya kutomwambia mtu. Hakuna hata ukurasa mmoja wa mwanzo huo uliopotea bure, na wizi umeingia sura ya tatu.

Pingamizi la kwanza litakuja haraka, nalo ni simu. Watoto wa leo, tutaambiwa, wamezoea video za nusu dakika. Mtoto huyo hatangoja sura tatu. Ninalichukua pingamizi hili kwa uzito, kwa sababu linatoka kwa walimu na wazazi wanaoona wanachokiona. Lakini watazame watoto hao hao wanachokifuata kwa siku nyingi bila kuchoka: tamthilia za mfululizo zinazokwenda miezi, ligi ya mpira inayochukua msimu mzima. Uwezo wa kungoja wanao. Wanachokosa ni sababu ya kungoja pale ambapo ukurasa hauna swali. Kukimbizana kwa mwandishi na simu kwa kumwaga matukio ni shindano atakaloshindwa, kwa kuwa simu ina matukio zaidi. Kitabu kina kitu kingine ambacho video ya nusu dakika haina nafasi nacho, ule uwezo wa kumweka msomaji ndani ya kichwa cha Zuhura wakati mama yake anahesabiwa makosa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu lina vitabu vyake. Mwaka 1963 Donald J. Sobol wa Marekani alianzisha mfululizo wa Encyclopedia Brown, ambamo kila kitabu kina visa kumi vifupi na kosa huwekwa mezani karibu mara moja. Watoto walivipenda. Ni kweli, lakini kile ni kitendawili kilichovishwa nguo. Shujaa ni yule yule, kesi ni ndogo, na jibu linasubiri nyuma ya kitabu. Hakuna anayelilia kilichoibwa. Urefu ule hauhitaji kingine, na anayeandika visa vya kurasa sita afuate njia hiyo bila wasiwasi. Siobhan Dowd naye, katika The London Eye Mystery ya mwaka 2007, anatuambia mapema kabisa kwamba Salim alipanda gurudumu lile kubwa la London saa tano na dakika 32 asubuhi, na kibanda kiliposhuka nusu saa baadaye yeye hakuwemo. Huo unaonekana kuwa ushindi wa wapenda tukio. Soma mbele kidogo. Baada ya kulitaja tukio, Dowd anarudi nyuma na kutumia sura kadhaa kutuletea shangazi, Salim mwenyewe, na Ted anayesimulia, ambaye ubongo wake unafanya kazi kwa njia yake na wakubwa hawana subira ya kumsikiliza. Ametangaza deni, kisha akalilipa lote, kwa utaratibu ule ule wa Kästner. Na tangazo lake linafanya kazi kwa kuwa linatolewa na sauti ya mtoto tutakayesafiri naye, likiwa na saa kamili ambazo akili ya mtoto inaweza kuanza kuzichokonoa papo hapo. Lilinganishe na utangulizi ulioigwa kutoka filamu, kivuli kisicho na jina kikipenya dirishani usiku, kisha sura ya kwanza ikaanza upya na jua likichomoza kijijini. Mwanzo wa namna hiyo humtaka mtoto aanze kitabu mara mbili.

Kuna ushahidi mwingine unaofaa kutazamwa hapa, wa kitabu kimoja kilichoandikwa kwa mwendo wa aina mbili. The Secret of the Old Clock, cha kwanza cha Nancy Drew, kilitoka mwaka 1930 kikiwa na sura 25, na kilianza na Nancy akizungumza na baba yake, mwanasheria, juu ya wosia wa mzee Josiah Crowley. Mwaka 1959 kiliandikwa upya kwa sura 20, na safari hii kinaanza barabarani: mtoto mdogo, Judy, anaponea chupuchupu kugongwa na gari la mizigo na kuanguka darajani. Mwendo umekazwa, hilo halina shaka. Lakini ajali ile siyo fumbo la wosia. Kazi yake ni kumfikisha Nancy kwenye nyumba ya mabibi wanaomlea Judy, ambao ni miongoni mwa watu walioahidiwa urithi na Crowley. Yaani wahariri walipotaka kasi, walichokitanguliza ni watu wenye shida na sababu ya kuwajali, na wosia ukafuata. Sioni ushahidi bora kuliko huo kwamba kasi ni kumfikisha msomaji mapema kwa mwenye shida.

Lipo pingamizi la mwisho, na hili nalikubali nusu. Vitabu vya watoto vya Kiswahili mara nyingi ni vyembamba, kwa sababu karatasi ni ghali na shule hununua kwa kuangalia bei. Mwandishi mwenye kurasa 60 hana nafasi ya Kästner. Kweli, hata hivyo uwiano unabaki. Katika kurasa 60 swali dogo liwe limeingia kabla ya ukurasa wa pili kwisha, na kosa liwe limetokea kabla ya ukurasa wa 15. Kinachopungua ni idadi ya watu. Ellen Raskin, katika The Westing Game ya mwaka 1978, aliweza kuleta warithi 16 na kuwagawa wawili wawili, lakini alikuwa na kitabu kirefu na ustadi wa nadra. Kwenye kitabu chembamba, washukiwa watatu wanatosha, wanne ni wengi. Na mwandishi akumbuke namna kitabu chake kitakavyosomwa: mtoto anayesoma kurasa nane kwa jioni atakutana na wizi wa ukurasa wa 15 siku ya pili, akiwa amelala usiku mzima katikati, na katika madarasa mengi nakala moja inasomwa na watoto kadhaa, wakipokezana kwa sauti hadi kengele. Jina lililotajwa mara moja tu jana halipo tena leo. Kwa hiyo mpe kila mshukiwa tendo moja la kukumbukwa, usiwape wawili majina yanayoanza kwa sauti moja, na sura imalizike mahali ambapo darasa litatoka likibishana.

Stevenson alipokuwa akiiandika Treasure Island huko Braemar, Scotland, mwaka 1881, alikuwa akiwasomea nyumbani sura zake kadiri zilivyomtoka, na msikilizaji wake wa kwanza alikuwa mtoto wa mkewe, Lloyd Osbourne, mwenye miaka 13. Fanya hivyo. Kabla mswada haujaenda kwa mhariri, mtafute mtoto wa darasa la nne asiye wako, msomee sura za mwanzo mpaka mstari ulio kabla ya kosa, kisha ufunge daftari. Usimwulize kama amependa. Kwa adabu yake atasema amependa. Ngoja aulize yeye. Akiuliza kwa nini Bi Mwajuma alichelewa, endelea kuandika. Akiuliza huyu alikuwa nani tena, punguza watu. Asipouliza kitu, rudi ukurasa baada ya ukurasa mpaka pale macho yake yalipotoka kwako, na uanze kukata kuanzia hapo.